Hesabu ya Barazani na Hesabu ya Darasani

Jioni moja tulikuwa Tabora, tumeketi chini ya mwembe tukiwatazama wazee wawili wakicheza bao. Nyuma ya mmoja wao alisimama mvulana wa miaka kama kumi, aliyetumwa chumvi dukani, akapitia hapo na kusahau alikotumwa. Mzee aliinua mkono ili acheze, akasita. Mtoto akamwinamia sikioni na kunong'ona, japo si adabu kumsemea mchezaji: "Babu, ukianzia hilo la tatu utazunguka mara mbili, kisha utalala pale." Mzee alicheka, akaanzia hilo la tatu. Kete zikazunguka mara mbili, zikalala palepale alipopaonyesha mtoto. Waliokuwapo wakashangilia. Sisi tukamwita kijana yule tukamwuliza shuleni hesabu anapata ngapi. Furaha yote ikamtoka usoni. Alitazama chini akajibu: "Hesabu siziwezi, baba."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Mtoto aliyefuata kichwani mizunguko miwili ya kete, akakumbuka kila shimo lina ngapi na lipi limekwisha kuliwa, ameaminishwa kwamba hesabu haziwezi. Ni nani aliyemwambia hivyo? Na je, ni wangapi walio kama yeye, Bara na Visiwani, wanaoingia darasani wakiwa mahodari na kutoka wakiwa waoga?

Yafaa tuseme kweli. Katika mitihani ya kidato cha nne, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko mengine. Hata mwaka 2023, ambapo hali ilikuwa imepata nafuu, waliofaulu walikuwa kiasi cha robo tu ya waliofanya mtihani. Taifa linalotaka wahandisi, waganga, mabaharia na wahasibu wake lenyewe haliwezi kuridhika na robo. Wala haliwezi kujifariji kwa kusema kwamba robo tatu waliobaki hawakujaaliwa akili. Akili wanazo. Zimeachwa nje ya mlango wa darasa, kama viatu.

NJIA ILIYOHESABU

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza, habari za Tabora zinawahusu nini? Twawakumbusha kwamba njia ya Tabora ilianzia kwao. Nguo na shanga zilizoshuka Unguja zilivushwa hadi Bagamoyo, zikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kupitia Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, na kutoka hapo hadi Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Wazungu Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Kaze, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Wanyamwezi nao walishuka pwani, wengine wakavuka hadi Unguja na kufanya kazi katika mashamba ya karafuu. Ziko koo leo zenye ndugu pande zote mbili za bahari.

Njia ile ilikuwa shule kubwa ya hesabu. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, na frasila moja ni kama ratili 35. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ikawa shuka, shuka mbili zikawa doti. Hata leo mama wa Kizanzibari aendapo dukani hununua kanga kwa doti, wala hahitaji kufundishwa kwamba doti ni mbili. Kete kumi za ushanga zilifanya fundo. Vibaba vinne vilifanya pishi, na kibaba ndicho kilichokuwa posho ya mtu kwa siku. Kiongozi wa msafara aliyekosea kugawanya hakurudishiwa daftari lenye alama nyekundu. Aliona watu wake wakilala njaa nyikani.

Hatuisifu njia ile bila kukumbuka ubaya wake. Pamoja na pembe za ndovu, walipitishwa humo wanadamu waliohesabiwa kama bidhaa, na hesabu ya namna hiyo ni aibu ambayo hatutaki mtoto wetu aicheze. Tangu mwaka 2006 vituo sita vya njia hiyo, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, vimo katika orodha ya awali ambayo nchi yetu iliwasilisha UNESCO, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe. Historia hiyo ifundishwe kama ilivyokuwa. Tunachotaka kuokoa ni akili ya wapagazi na wakulima waliopima, waliogawanya na waliokumbuka, wengi wao bila kushika kalamu.

CHUO CHA MASHIMO THELATHINI NA MAWILI

Akili hiyo haijafa. Imo katika bao, na wazee wa Unguja wanaocheza jioni barazani hawahitaji kuelezwa. Ubao una mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na sita katika nyumba, mbili na mbili kando yake, na 22 mkononi za kunamua. Mtoto anayepanga ubao huo amekwisha kujumlisha na kutoa kabla hajacheza kete ya kwanza.

Kisha huja jambo zito zaidi. Upande wa kila mchezaji una mashimo 16 yanayozungukwa kama duara. Ukichukua kete 16 kutoka shimo moja na kuzipanda moja moja, ya mwisho itaangukia shimo lilelile ulipoanzia. Ukichukua 18, utapita hapo kwa mashimo mawili. Hiyo ndiyo hesabu ya kugawanya na kupata baki, ambayo darasani huchukua majuma na fimbo kadhaa. Barazani mtoto huiona kwa macho na kuishika kwa vidole. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar ili achunguze wanavyoweza kuona mbali kiasi kile kichwani, na mwaka 1995 akaandika juu yao tasnifu ya uzamivu huko Leiden. Wageni walipanda meli kuja kusoma akili za wazee wetu, ilhali sisi tunapita barazani hapo tukiona watu wanaopoteza wakati.

Na kwa kuwa bao aghalabu limekuwa mchezo wa wanaume, tusiwasahau watoto wa kike. Msichana anayecheza mdako, akirusha jiwe juu na kuvuta vijiwe kutoka shimoni, mara hii kimoja kimoja, mara ijayo viwili viwili, kisha vitatu vitatu, anasoma jedwali la kuzidisha bila kujua kwamba anasoma.

Sisi wenyewe tumepitia madarasa ya namna mbili. Katika chuo cha Kurani, mwalimu alitufungulia mlango wa mirathi kwa kisa: mzee ameacha ng'ombe 17, mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, wa tatu tusui. Tulibishana siku nzima, tukilia kwamba haiwezekani kumkata ng'ombe. Siku ya pili akatuambia jirani mwema ameazima ng'ombe wake mmoja, wakawa 18: huyu akapata tisa, huyu sita, huyu wawili, na ng'ombe wa jirani akarudi zizini kwake. Tulicheka hadi machozi, na toka siku hiyo hatujasahau tusui ni nini. Katika shule nyingine tuliyosoma, ambayo hatuna haja ya kuitaja, jedwali la saba tulilijifunza kwa viboko vya mkononi, na hata leo tukiulizwa saba mara nane kwa ghafla, kiganja hututangulia kujikunja kabla ya jibu kutoka. Hesabu ni ileile. Njia ndizo zilizotofautiana.

MASHINE TULIYOIFUNGIA MLANGO

Sasa tuje kwenye kompyuta. Nchi yetu ina kumbukumbu chungu na chombo hicho. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi ule haukutokana na ushamba. Mashine iliyokuwa Hazina ilikuwa imetugharimu fedha nyingi za kigeni na hesabu zake zikavurugika. Marufuku ile ilikuja kulegezwa, lakini funzo lake lingali na uzito: chombo kisicho na mafundi wake nyumbani ni mgeni anayekula bila kulima.

Kwa upande mwingine, tunazo kumbukumbu njema. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, miaka ishirini kabla Bara haijapata televisheni yake ya kwanza. Katika miaka ya 2000, watoto wadogo wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa redio katika vipindi vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, jina ambalo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila darasa la kwanza. Mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichobuniwa Dar es Salaam, kilianza kuonyeshwa TBC, kikifundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili, na mtoto aliyekuwa nyumbani akaweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu.

Jaribio kubwa kupita yote lilifanyika mkoani Tanga. Taasisi ya XPRIZE ya Marekani iliwashindanisha watu wa mataifa mbalimbali kutunga programu ambayo mtoto asiye na mwalimu angejifunzia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa miezi kumi na mitano, programu tano zilizofika fainali ziliwekwa katika vishikwambi na kupewa watoto wanaokaribia 3,000 katika vijiji takriban 170, kwa ushirikiano wa Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipokwisha, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu, na katika hesabu pia watoto walikuwa wamepiga hatua. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni kumi waligawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Asili ya washindi hao yatufundisha jambo. Kitkit School ilitoka kwa Sooinn Lee, Mkorea aliyekuwa mtunzi wa michezo ya kompyuta ya kujifurahisha tu. Mwanawe alizaliwa na ulemavu, na mama huyo, pamoja na mumewe Gunho Lee, wakatunga mchezo wa hesabu ambao mtoto mwenye shida ya kujifunza angeweza kuucheza bila kudhalilika. Onebillion nao, kabla ya kuja Tanga, walikuwa wamepeleka michezo yao ya hesabu Malawi kwa Kichewa, na uchunguzi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham katika shule moja ya Lilongwe ulionyesha kwamba watoto walioitumia kwa majuma machache waliwapita wenzao. Katika visa vyote viwili mashine ilisema lugha ya mtoto.

La kutufikirisha zaidi ni hili: kwa masharti ya shindano lile, programu zote tano ziliachwa wazi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yeyote azichukue na kuzirekebisha bila malipo. Tena, baada ya Sensa ya mwaka 2022, Serikali iliamua vishikwambi takriban laki tatu vilivyotumika kuhesabia watu vikabidhiwe walimu, na Zanzibar nayo ikapata fungu lake. Yaani chombo tunacho, lugha tunayo, mbegu ya programu imeachwa mlangoni kwetu, na bao tumerithi. Je, tumeviunganisha?

MCHEZO NI UPI

Hapa yafaa tutahadhari, kwa maana si kila kinachoitwa mchezo ni mchezo. Iko michezo ya kompyuta inayomwuliza mtoto tano jumlisha sita, na akijibu sawa humpa ruhusa ya kupiga ndege risasi kwa dakika moja. Huko ni kumpaka mtoto asali midomoni ili ameze shubiri. Atajifunza kwamba hesabu ni ushuru unaolipwa ili kufikia raha, na ushuru haupendwi. Katika bao, kinyume chake, hesabu yenyewe ndiyo raha. Hakuna namna ya kula kete za mwenzako isipokuwa kwa kuhesabu. Hicho ndicho kipimo chetu: mchezo ambao ukiiondoa hesabu, hakibaki kitu.

Mchezo mwema una sifa nyingine tatu. Humjibu mtoto papo hapo, bila kumcheka wala kumsimamisha mbele ya wenzake. Humpandisha ngazi kwa ngazi, asipewe la juu kabla hajalishika la chini. Na humwonyesha vitu kabla ya tarakimu: kwanza aone kete saba, azishike na kuzihamisha, ndipo aione namba 7.

Tufikiri basi juu ya mchezo unaofuata njia ya Tabora, wenye vituo vile sita, kila kituo kigumu kuliko kilichotangulia. Mtoto anaongoza msafara wa wapagazi 40, watu huru wanaolipwa ujira wao. Kila mtu ale kibaba kimoja kwa siku: hivyo ni vibaba 40, sawa na pishi kumi. Safari ya kufika kituo kijacho ni siku saba, basi zinahitajika pishi 70 za mtama. Sokoni pishi tano zinauzwa kwa mikono miwili ya nguo. Anunue nguo kiasi gani ya kubadilishana? Mtoto wa darasa la nne atakuna kichwa, atapanga shuka zake kwenye kioo, atakosea, msafara utarudi nyuma siku moja, atajaribu tena, hatimaye atapata mikono 28, ambayo ni doti tatu na shuka moja. Hakuna kiboko kilichoinuliwa. Na njiani amejifunza historia ya nchi yake na maneno ya lugha yake ambayo yamekaribia kupotea.

WAJIBU WETU

Tunawaomba wakuu wa elimu, Bara na Zanzibar, wayatazame mambo manne.

Kwanza, Taasisi za Elimu za pande zote mbili zizichukue programu zile zilizoachwa wazi, zizipime kwa mitaala yetu mipya, na zinazofaa zipakiwe katika vishikwambi vya walimu ambavyo vingali vizima. Zifanye kazi pasipo intaneti, maana kijiji cha Sikonge au cha Micheweni hakiwezi kungoja mtandao.

Pili, mchezo mpya utungwe hapa nyumbani, na watunzi wake wakae mkeka mmoja: kijana anayejua kuandika programu, mwalimu wa darasa la pili anayejua mtoto hukwama wapi, na mzee wa bao. Vyuo vyetu vinatoa vijana wenye ujuzi huo kila mwaka, na wengine wanazurura na vyeti vyao. Kazi hii ni yao.

Tatu, tusifanye pupa. Shule chache za Tabora na chache za Unguja na Pemba zipewe mchezo kwa mwaka mzima, na watoto wapimwe kwa karatasi na penseli kabla na baada. Ukishindwa, tuseme umeshindwa na turekebishe. Aibu ya kukosea katika shule kumi ni ndogo kuliko hasara ya kukosea nchi nzima.

Nne, mwalimu asitupwe kando. Wako watakaodhani kishikwambi kitajaza pengo la walimu. Hakitajaza. Kishikwambi hakijui kwamba mtoto amekuja bila kula, wala hakiwezi kumwona anayejificha nyuma akilia. Kazi yake ni kumpunguzia mwalimu mzigo wa kurudia, ili apate wasaa wa kumkalia karibu anayehitaji. Na pale ambapo hakuna kishikwambi wala umeme, mwalimu achimbe mashimo ardhini na kuokota vijiwe. Bao lilikuwa kompyuta yetu kabla ya kompyuta.

Watakuwapo watakaotuambia kwamba elimu ni jasho, na kwamba kumfurahisha mtoto ni kumdekeza. Tunawajibu kwamba yule mvulana wa Tabora alikuwa akitoa jasho pale barazani. Akili yake ilikimbia mizunguko miwili mbele ya mzee aliyemzidi miaka sitini. Hakuna aliyemlazimisha, na chumvi aliyotumwa ikasahauliwa. Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mvuvi hodari humkunja taratibu kwa vidole, asije akamvunja.

Kabla hatujaondoka chini ya mwembe ule tulimwambia mtoto yule kwamba hesabu anaziweza, na kwamba tumeshuhudia kwa macho yetu. Alitutazama kwa mashaka, kama anayeogopa kudanganywa, kisha akakimbilia dukani. Hatujui kama alituamini. Neno la wapita njia halitoshi kumwaminisha mtoto. Alisikie darasani, kila siku, kutoka kwa mwalimu wake na kutoka katika chombo ambacho nchi yake imekwisha kukinunua.